Ua wa bei nafuu kwa shamba dogo la Kaloleni, Voi

Shamba la mboga lisilo na ua mjini Voi haliwi la mwenyewe kwa muda mrefu. Mbuzi hulifikia kwanza, kisha kuku, kisha ng'ombe wanaorudi kutoka kunywa maji. Na kwenye viunga vinavyoelekea mbugani, mahindi yanapoanza kukomaa, ndovu huja usiku. Kaloleni ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Voi, pamoja na Mbololo, Sagalla, Marungu, Kasigau na Ngolia, na iko mahali ambapo mji, vishamba na nyika vimekaribiana sana. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Kinachobaki kimegawanywa kati ya mashamba makubwa ya mkonge, ranchi, miji, reli, barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, na wananchi wenye vipande vyao. Kwa nyumba inayokula na kuuza sukuma wiki, mchicha na nyanya kutoka kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, ua ni sehemu ya kilimo chenyewe, sawa na mbegu na maji.

Ugumu uko kwenye bei. Mara nyingi gharama ya kuzungushia kipande kidogo kwa waya na nguzo za dukani hupita mapato ya mboga za misimu kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au kununua nusu ya ua, ambao haumzuii yeyote. Hata hivyo, ua ghali si lazima uwe ua unaofaa. Seng'enge za mistari mitano zinazomzuia ng'ombe vizuri kabisa hupitwa na mwanambuzi bila kuinamisha kichwa. Chenilinki inayomzuia mbuzi kwa miaka mingi huangushwa na ndovu mmoja kwa dakika moja. Waya wa kuku haumhangaishi nyani. Kabla ya kwenda hadiwea, mwenye shamba huhitaji kujua ni mnyama gani hasa anayemtia hasara, anapitia upande gani, na katika miezi ipi. Nyayo, kinyesi na jinsi mmea ulivyokatwa hueleza mengi: mbuzi hukwanyua majani na vikonyo, kuku huparua tuta, nungu huchimba mihogo na viazi usiku, ngiri huingia kwa kupenya chini ya uzio badala ya kuuruka. Anayelijua hilo hutumia fedha upande mmoja au miwili yenye hatari, na pande nyingine huziba kwa vitu vya bei ya chini.

Jambo la pili la kutangulia ni mpaka wenyewe. Nguzo iliyosimikwa futi tatu ndani ya kiwanja cha jirani ni hasara iliyolipiwa, kwa kuwa itang'olewa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inafanya kosa kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka, na bikoni ndizo alama hizo kwenye ploti zilizopimwa. Pale ambapo bikoni zimefukiwa au hazionekani, ada ya mpima ardhi ni ndogo kuliko kesi. Kwenye vipande visivyopimwa, makubaliano mbele ya majirani wa pande zote na mzee wa mtaa, yakaandikwa na kutiwa saini kwa chifu, huondoa ugomvi mwingi wa baadaye. Njia za kupita watu na mifugo zisizibwe hata kama hazionekani kwenye karatasi, kwa maana ua unaofunga njia ya kwenda kwenye bomba la maji hautadumu wiki mbili. Walio kando ya mto Voi na vijito vyake wana mpaka mwingine pia: kanuni za maji za Kenya hutenga ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto, na humo hapajengwi kitu cha kudumu. Mto wenyewe huzikazia kanuni hizo kila mvua za vuli zinaponyesha sana, ukibeba nguzo na waya pamoja.

Baada ya mpaka huja hesabu, na hesabu hii ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko kubishana na mwenye duka. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300, yaani mita 91 na kidogo. Nguzo zikisimikwa kila baada ya mita tatu, zitahitajika kama 31. Chenilinki kwa kawaida huuzwa Kenya kwa roli ya mita 18. Roli tano hutoa mita 90, na kwa kuwa lango la mita tatu halihitaji waya, roli hizo tano hutosha. Asiyepiga hesabu hununua sita. Kwa seng'enge, mistari mitano kuzunguka mita 91 ni mita 455 za waya. Roli ya kilo 20 ya geji 16 huwa na urefu wa takriban mita 480, hivyo roli moja inamaliza kazi na kubakisha kipande cha kufungia lango. Lakini uzito na geji vitazamwe kwenye kibandiko, maana roli mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana kwa zaidi ya mita mia. Shamba la ekari moja lililo mraba lina mzunguko wa mita 254 hivi. Ekari hiyo hiyo ikiwa nyembamba na ndefu, kama vilivyo vipande vingi vilivyogawanywa kwa urithi, mzunguko huongezeka sana: kipande cha mita 20 kwa 202 ni ekari moja pia, lakini kinahitaji ua wa mita 444.

Hesabu hiyo inaonyesha njia inayopunguza gharama kuliko zote, nayo haiuzwi dukani. Majirani wanne wenye ploti za futi 50 kwa 100 zilizopangana mbili mbili, kila mmoja akijizungushia peke yake, kwa jumla watajenga futi 1,200 za ua. Wakizungusha ploti zote nne kwa ua mmoja wa nje, watajenga futi 600. Ni nusu ya waya, nusu ya nguzo na nusu ya kazi ya kuchimba. Ndani, mipaka yao yaweza kuonyeshwa kwa mstari wa mikonge, tuta au kamba. Faida haiishii kwenye fedha. Ua wa mtu mmoja hauwaondoi wanyama bali huwasukuma kwa jirani, na mbuzi aliyezuiwa kwa mmoja hula kwa mwingine. Kinachokwamisha mpango huu kwa kawaida si nia bali ukarabati: nani atabadilisha nguzo iliyoanguka, na nani atafunga lango usiku? Vyama vidogo vya akiba, ambavyo viko kila mtaa wa Voi, vinafaa kubeba kazi hiyo. Mchango mdogo wa kila mwezi wa kununulia waya na nguzo za akiba ukiandikwa kwenye daftari la chama, ua wa pamoja hudumu. Usipoandikwa, kila mmoja hungoja mwenzake hadi upande mmoja ulale chini.

Nguzo ndizo uti wa mgongo wa ua wowote wa waya, na ndizo zinazoshindwa kwanza. Adui yao mkubwa Voi ni mchwa. Nguzo ya mkaratusi mbichi iliyoletwa kutoka milimani, pande za Wundanyi, huonekana rahisi siku ya kununua, lakini isipotiwa dawa huliwa sehemu ya chini kabla mvua hazijazunguka mara nyingi. Wengine hupaka mafuta machafu ya gari sehemu inayoingia ardhini. Hiyo husaidia kidogo, ila mafuta hayo huchafua udongo, na hayafai kabisa kwenye tuta la mboga au karibu na kisima. Nguzo iliyotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi ila hulipiwa vilivyo. Miti ya nyikani yenye ubao mgumu hustahimili mchwa, lakini kuikata kwenye ranchi au mbugani bila kibali ni kosa, na nyika ya Voi imekwisha kukatwa vya kutosha kwa ajili ya makaa.

Zipo nyenzo mbili za ua zinazopatikana Voi kwa urahisi. Ya kwanza ni mlingoti wa mkonge. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kupitia Tanganyika, na baadaye ukaenea hadi nyanda hizi kavu. Mashamba makubwa ya Voi na Mwatate yanaendelea kuulima. Mmea huishi miaka kadhaa, hutoa mlingoti mmoja wa maua wenye urefu wa mita tano au zaidi, kisha hufa. Mlingoti huo ukikauka huwa mwepesi na umenyooka. Hauwezi kubeba waya uliovutwa kwa nguvu, na ukifukiwa ardhini huoza. Kazi yake halisi ni ya fito: ukilazwa au kusimamishwa kati ya nguzo imara na kufungwa kwa waya laini au kamba ya katani, huziba nafasi ambazo mbuzi angepitia, na ukiinuliwa sentimita chache kutoka ardhini mchwa huufikia kwa shida. Anayeuhitaji aombe au anunue kutoka kwa mwenye shamba.

Ya pili ni nguzo ya saruji ya kujimiminia. Nguzo yenye upana wa sentimita 10 kila upande na urefu wa mita 2.1 huchukua zege kama lita 21. Kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa takriban nguzo saba, kwa hiyo nguzo 31 za ploti iliyotajwa huhitaji mifuko mitano, na saruji kidogo hubaki. Ndani huwekwa nondo nyembamba nne au waya mnene uliosokotwa, ukiwa umefunikwa na zege kwa pande zote ili usishike kutu. Kalibu hutengenezwa kwa mbao zilizopakwa mafuta. Kalibu tatu au nne hutosha kundi la majirani, zikizunguka nyumba hadi nyumba. Kosa linalozivunja nguzo nyingi za namna hii ni haraka. Jua la Voi hukausha zege upesi mno, na nguzo isiyomwagiwa maji na kufunikwa magunia kwa angalau siku saba huwa na nyufa kabla haijasimama. Ikiachwa wiki nne kabla ya kuvutwa waya, itaishi zaidi ya aliyeimimina.

Kwa nguzo za aina yoyote, za kona na za lango ndizo zisimikwe kwa umakini wa pekee. Shimo la kawaida huwa na kina cha sentimita 60. La kona lifike 80 au zaidi, na kila nguzo ya kona iegemezwe na mihimili miwili inayofuata pande mbili za waya. Udongo mwekundu wa kichanga wa Voi ushindiliwe kwa mtaimbo tabaka kwa tabaka, si kujazwa kwa mara moja. Fedha zikiwa chache, ni afadhali kuweka saruji kwenye kona nne na lango tu, na nguzo za kati ziwe za mti.

Seng'enge hupangwa kwa kufuata mnyama. Kwa ng'ombe na punda, mistari minne au mitano iliyoachana sentimita 25 hadi 30 inatosha. Kwa mbuzi, mistari ya chini iachane sentimita 10 hadi 15, na ya juu iachane zaidi. Ndiyo maana ua wa mbuzi huhitaji mistari saba au minane, na ndiyo maana fito za katikati huwa na maana kubwa, kwa sababu huzuia mistari isitanuliwe. Mistari mitatu ya seng'enge pamoja na fito za mkonge na matawi ya miba kwenye sehemu ya chini humzuia mbuzi vizuri kuliko mistari sita mitupu, na hugharimu kiasi kidogo. Waya wa kuku uwekwe chini tu, kwenye sentimita 60 hadi 90 za kwanza, na ncha yake ifukiwe kidogo ardhini. Mabati chakavu na madebe yaliyokunjuliwa huziba mapengo vizuri ila yana ncha zinazokata watoto, na ziko sababu nyingine za kuuliza yanakotoka. Voi ni mji wa reli, na vyuma vya reli kuukuu, alama za barabara na nyaya za umeme ni mali ya umma. Wizi wa vyuma hivyo ulifikia kiasi cha kuifanya serikali isimamishe biashara yote ya vyuma chakavu mwezi Januari 2022, na ikairuhusu tena miezi michache baadaye kwa masharti. Nguzo ya reli ndani ya shamba la mboga yaweza kumfikisha mwenyewe kortini.

Kwa mwenye subira, ua ulio hai ndio wa bei ya chini kabisa. Kinachohitajika ni vipandikizi, jembe, maji ya mwanzo na msimu unaofaa. Voi hupata mvua ya takriban milimita 550 kwa mwaka, kwa vipindi viwili visivyoaminika, na mvua za vuli za kuanzia Oktoba au Novemba kwa kawaida ndizo za kutegemewa zaidi kuliko za masika. Kupanda nje ya vuli ni kujitwika kazi ya ndoo. Tena, ua hai huchukua miaka miwili mitatu kabla ya kumzuia yeyote, na katika kipindi hicho wenyewe huhitaji kulindwa dhidi ya mbuzi. Mpango unaofaa ni kuweka ua wa muda wa miba mikavu upande wa nje, na kupanda ua hai upande wa ndani. Miba ikioza, mimea imeshika.

Miba mikavu ina historia ndefu hapa. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kwenye daraja la mto Tsavo, wafanyakazi walizungushia kambi zao maboma ya miba kujikinga na simba wawili walao watu, na simba hao walipenya au kuruka mara kwa mara hadi walipouawa mwezi Desemba mwaka huo. Boma la miba halikuwahi kuwa ukuta. Kwa mbuzi na ng'ombe, hata hivyo, matawi ya kikwata au mgunga yaliyolazwa shina ndani na miba nje, yakakandamizwa na kufungwa, ni kinga nzuri ya msimu mmoja au miwili. Matawi hayo yapatikane kwa kupogoa, bila kuangusha mti mzima.

Kati ya mimea ya kupanda, mkonge wenyewe hustahili nafasi ya kwanza. Maotea yake na vichipukizi vya mlingoti hupatikana bure au kwa bei ndogo, haujali ukame, mbuzi hawaupendi, na ncha za majani yake huchoma. Mistari miwili iliyopandwa kwa kupishana, mche hadi mche nusu mita, huziba vizuri baada ya miaka mitatu hivi. Udhaifu wake ni kuhodhi nafasi, kwani mkonge uliokomaa hutanda zaidi ya mita moja kila upande, na kwenye ploti ya futi 50 hilo ni tuta zima la mboga. Ncha za majani zikatwe kando ya njia za watoto. Mnyaa hauchukui nafasi kubwa hivyo. Vipande vya matawi huachwa siku chache utomvu ukauke, kisha husimikwa kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na mifugo huuepuka. Utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kudhuru uoni, kwa hiyo anayeupogoa huvaa miwani na kunawa mikono, na haupandwi mahali watoto wanapochezea. Bogonvilia, iliyojaa mbele ya nyumba za Voi na Mombasa, ni ua halisi ikipogolewa na si pambo tu: ina miba, huota kutokana na vipande vya matawi, na ikishashika hustahimili kiangazi.

Mbono kaburi una hadithi inayofaa kukumbukwa. Miaka ya kati ya 2005 na 2009 wakulima wengi wa Kenya, pamoja na wa Pwani, walishawishiwa kuupanda kama zao la mafuta ya magari. Utafiti wa mashambani uliochapishwa mwishoni mwa 2009, ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ilishiriki, uligundua kwamba mazao yalikuwa duni na hasara ilikuwa ya mkulima, ukapendekeza mmea huo uendelezwe kwa matumizi ya ua hai peke yake. Kwa kazi hiyo unafaa: mbuzi hawauli, huota kwa kipande cha tawi, na baada ya miaka michache shina lake hubeba waya kama nguzo. Mbegu zake ni sumu, na watoto waambiwe.

Mimea miwili isipandwe hata ikitolewa bure. Mathenge iliingizwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa, na leo imefunika malisho Baringo, Tana River na sehemu za Taita Taveta. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake, na mwaka 2008 serikali iliitangaza kuwa gugu hatari. Mpungate nao uliopandwa kama ua umeteka maeneo makubwa ya Laikipia na kuingia Tsavo Mashariki, ukibebwa na ndovu na nyani wanaokula matunda yake. Ua unaotoroka shambani ni deni kwa eneo zima, na tayari Voi ina shida za kutosha kutoka upande wa mbuga.

Upande huo ndio wenye swali gumu kuliko yote. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika mfumo wa Tsavo, kundi kubwa kuliko lolote nchini. Hakuna ua wa bei nafuu unaomzuia ndovu kwa nguvu. Uzio wa umeme wa jua hufanya kazi kwa mapigo mafupi ya volti elfu kadhaa yanayouma bila kuua, lakini betri, nyaya na kufyeka nyasi chini ya waya kila wiki ni mzigo unaobebwa na taasisi au kijiji, si na ploti moja. Kuunganisha waya wa shamba na umeme wa nyumbani ni jambo la kukatazwa bila kusita, maana huua watoto na majirani kabla ya kumfikia ndovu. Mitego ya waya nayo ni marufuku kisheria.

Kinachobaki ni kumchukiza ndovu, na hapo Sagalla, jirani wa Kaloleni, imeifundisha dunia. Ndovu huogopa nyuki. Kwa miaka mingi shirika la Save the Elephants, likiongozwa katika kazi hii na mtafiti Lucy King, limekuwa likijenga na wakulima wa Sagalla nyuzio za mizinga. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Ili kupunguza gharama, mzinga mmoja huwa wa kweli na unaofuata huwa kipande cha ubao tu, kwa hiyo ekari moja huhitaji mizinga 12 ya kweli na 12 ya bandia. Matokeo ya ufuatiliaji wa miaka mingi, yaliyochapishwa 2024, yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia walizuiwa, huku asali ikiuzwa. Matokeo hayo hayo yalitaja udhaifu: ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na asali ilichukua miaka mitatu kurudi. Wakulima wa Kasigau wanatumia pia uzio uitwao kasaine, vipande vya mabati vilivyotundikwa kwenye waya ili vimetemete na kugongana kwa upepo, na kamba zenye matambara yaliyolowekwa pilipili na mafuta, ambazo mvua huzisafisha na kulazimu kupaka upya. Katikati ya mji nyuki hawafai, kwa usalama wa watu. Huko pembezoni wanafaa, hasa kwa kundi la mashamba yaliyoungana. Mistari ya nje ya pilipili, alizeti au ufuta badala ya mahindi hupunguza kivutio chenyewe.

Ua una thamani nyingine mbele ya sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia ya mazao yaliyoharibiwa kwa bei ya soko, na ya shilingi milioni tano kwa kifo cha binadamu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwenye mazao aliyeshindwa kuchukua hatua za kuyalinda kwa kiasi kinachofaa hatalipwa. Mwenye shamba la Kaloleni apige picha ua wake ukiwa mzima, ahifadhi risiti za waya na saruji, na uharibifu ukitokea apige picha tena kabla ya kurekebisha kitu chochote, kisha aripoti mara moja kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lina ofisi mjini Voi, na achukue nakala ya fomu yenye muhuri. Madai husikilizwa na kamati ya kaunti ya fidia, na yasiyo na nakala hiyo hayana pa kushikilia.